Mdogo wangu, mwanao anaogopa dubu

Mdogo wangu mpendwa,

Usiku wa pili wa likizo hii nilimkuta mwanao amesimama kwenye mlango wa uani, amebana miguu, hatoki. Choo kile pale, taa inawaka. Nikamuuliza kulikoni. Akaninong'oneza, "Mama mkubwa, dubu wanafika hadi huku?"

Sikumwelewa upesi. Kumbe alimcheka babu kwa kipara chake, nawe ukamsomea 2 Wafalme sura ya 2: vijana waliomdhihaki nabii Elisha kwa kipara chake, na dubu wawili waliotoka mwituni wakawararua 42 kati yao.

Najua ulikuwa unamfunza adabu, na kumheshimu babu ni lazima. Siwezi kukuambia uache kumfundisha utii. Ila miaka niliyofundisha shule ya Jumapili nimewaona watoto wanaotiishwa kwa hadithi za kutisha. Mbele yako wananyooka kama mshumaa. Wakivunja kikombe wanafukia vipande, wakiguswa vibaya na mtu mzima wananyamaza, maana wameshajua kwamba mkubwa hakosolewi na Mungu yuko upande wake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Msomee Samweli, mdogo wangu. 1 Samweli sura ya 3, lakini usiishie pale tunapoishia sote. Sisi humsifu mtoto aliyeamka mara tatu akamkimbilia kuhani mzee Eli, kisha akajibu, "Nena; kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Tunafunga kitabu, tunaimba. Endelea! Ujumbe aliopewa ulikuwa mzito, tena ulimhusu Eli mwenyewe, kwa kuwa wanawe walifanya maovu naye hakuwazuia. Samweli akalala hadi asubuhi, akaifungua milango ya nyumba ya Bwana, naye akaogopa kumwambia mzee. Eli ndiye aliyemwita, akamsihi asimfiche neno hata moja. Mtoto akasema yote. Mzee hakumkaripia.

Kwa Kiswahili mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Waebrania nao neno lao shama hubeba kusikia na kutii kwa pamoja. Katika sura hii anayesikia si Samweli peke yake, hata Eli anasikia. Hata Paulo, akishawaambia watoto wawatii wazazi wao katika Waefeso 6, mistari mitatu mbele anawageukia akina baba: wasiwachokoze watoto wao.

Na Naamani je? Jumamosi nilimsomea 2 Wafalme 5, habari za yule jemadari mwenye ukoma ambaye Elisha alimwagiza ajichovye Yordani mara saba, naye kwanza akakasirika. Jioni nikamkuta uani na beseni, anamchovya mwanasesere wake majini, anahesabu kwa sauti. Alipofika sita akamtoa, akamkagua mkono, akaniuliza, "Mbona bado anaumwa?" Nikamwambia Biblia haisemi Naamani alionekanaje mara ya sita, ila Elisha alisema saba. Akamrudisha majini taratibu. Baadaye akauliza kama Naamani alichapwa kwa kukasirika mwanzoni. Hakuchapwa. Watumishi wake walimwita "Baba yangu", wakamsemesha kwa upole, akateremka Yordani. Niliona mabega ya mtoto yakishuka.

Yapo pia ya kumsomea akikua kidogo: Shifra na Pua, wakunga waliokataa amri ya Farao ya kuua watoto wa kiume, Kutoka sura ya 1. Mtoto wa kike anahitaji kujua kwamba ipo amri isiyotiiwa. Wewe ndiwe umwambie, asijifunze peke yake.

Ya dubu iache kwanza. Nami sina maelezo yake ya kumtosha mtoto wa miaka saba. Akirudi Jumapili, usimsomee chochote usiku huo. Keti naye kitandani, umuulize kuhusu dubu, umwache amalize.

Kabla ya kukuandikia nilimwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akichezea kitufe cha gauni lake. Akasema, "Mwambie mama. Lakini asikasirike."

Dada yako.