Mnaopanda mitufaha Ohio, msikimbilie Gala

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na Watanzania wenzangu wa Ohio na majimbo jirani, maana najua wengi tunalisoma gazeti lako mtandaoni. Msimu wa kuagiza miche ya mitufaha umefika, na kila ninayemuuliza ananiambia atapanda Gala kwa kuwa ndiyo aliyoizoea dukani.

Nawasihi, msipande Gala. Mvua za Aprili na Mei huleta ugonjwa wa vigaga, majani na matunda yakajaa madoa meusi. Kuna pia bakteria wanaoingilia kwenye maua na kukausha matawi, yakawa kama yamebabuliwa na moto. Gala haihimili hata kimoja. Utapiga dawa kuanzia machipukizi hadi kiangazi, na watoto wanacheza chini ya mti huohuo. Sisi tuliokulia kwenye vihamba vya kahawa Kilimanjaro tunaijua chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na tunajua nafuu ya kuwa na mche unaokinzana nayo.

Kwa tufaha la kuweka akiba wakati wa baridi, pandeni Enterprise. Ni kazi ya vyuo vikuu vya Purdue, Rutgers na Illinois, walioupata ukinzani wa vigaga kutoka mtufaha wa maua wenye asili ya Japani. Matunda huiva katikati ya Oktoba, na mahali penye baridi hukaa hadi Machi. Ganda ni gumu kidogo, menya.

GoldRush ya vyuo hivyohivyo ni tamu zaidi, nakiri. Likichumwa ni kali, lakini kufikia Januari utamu umekolea. Tatizo lake ni kutu ya majani, inayotoka kwenye mireteni ambayo wenyeji huiita redcedar. Kabla hujalipa, zunguka mtaani. Ukiona kwenye miti hiyo vinundu vinavyotoa utelezi wa rangi ya chungwa baada ya mvua, achana na GoldRush. Jirani yangu anayo safu nzima ya mireteni, kwa hiyo mimi nimepanda Enterprise pamoja na Liberty, iliyotolewa Geneva, New York, mwaka 1978. Mti mmoja peke yake hauzai vizuri, lazima upate chavua ya aina nyingine.

Na muulizeni mwenye kitalu mche umebebeshwa juu ya shina gani. Shina la M.9 hufanya mti uwe mfupi lakini wale bakteria huliua, shina la G.41 hufupisha vilevile, nalo huwahimili.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio