Barua ya wazi kwa walimu wa Kiswahili wa Nairobi: anzeni na "kitabu yangu"

Walimu wenzangu,

Nawaandikia ninyi mlio Kayole, Kawangware, Mathare na kwingineko jijini, hasa vijana mlioajiriwa juzijuzi. Semina ni nzuri, na chai yake pia. Ila mwezeshaji wa semina hawezi kukwambia kwa nini mtoto wa gredi ya 6, aliyefundishwa ngeli ya KI-VI miaka nenda miaka rudi, bado anaandika "kitabu yangu imepotea" badala ya "kitabu changu kimepotea". Wa kulijua hilo ni wewe unayesahihisha daftari lake, ukilitafiti mwenyewe darasani.

Mwalimu kutafiti darasa lake si jambo geni. Kurt Lewin aliandika kuhusu utafiti-tendaji, yaani mtu kuitafiti kazi yake ili aiboreshe, kule Marekani mwaka 1946, Lawrence Stenhouse akawapigia debe walimu watafiti Uingereza mwaka 1975, na wenzenu wa hisabati na sayansi waliopitia SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa masomo hayo ulioanza 1998, wanaujua mzunguko wenyewe: panga, tenda, tazama, boresha.

Swali liwe dogo. "Kwa nini watoto hawapendi Kiswahili?" halitafitiki. Ulizeni hivi: je, kusimulia picha kwa mdomo dakika 5 mwanzoni mwa kila kipindi, kwa wiki 4, kutapunguza makosa ya upatanisho wa KI-VI katika maandishi ya gredi ya 6? Badilisheni hilo moja tu. Mkiongeza wimbo, kadi na peremende za zawadi, hamtajua kilichosaidia ni kipi.

Kabla ya kuanza, chukueni maandishi ya kwanza ya kulinganishia. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtoto akikosolewa "kisu yangu" mara mbili tatu, huacha kabisa kuandika kuhusu visu. Anahamia kwa mama, mwalimu na mbwa. Makosa yanapungua nawe unashangilia, kumbe hajajifunza kitu. Basi mpe picha isiyompa pa kukwepea: jikoni penye kisu, vikombe, kiti kilichovunjika, viatu mlangoni. Aandike mistari 10 kwa dakika 15, bila kuonywa mapema. Kisha hesabu nafasi zote zilizohitaji upatanisho wa KI-VI, ndipo uhesabu zilizokosewa. "Kitabu yangu imepotea" ina nafasi mbili na makosa mawili. Makosa 6 katika nafasi 8 ni habari nyingine kabisa na makosa 6 katika nafasi 20. Mwishoni tumia picha nyingine yenye vitu vya aina hiyohiyo, la sivyo utapima kumbukumbu.

Na msimwite mtoto mvivu. Huko mtaani na kwenye matatu, "kitabu yangu" ndiyo sarufi anayoisikia tangu asubuhi.

Wanafunzi 60 hutawamaliza kuwahesabia hivyo. Wote wafanye zoezi, lakini panga majina kwa alama za mtihani uliopita, uchukue kila wa nne, utapata 15. Usichague kwa macho, maana macho ya mwalimu huwapenda wanaonyoosha mkono. Wengine watahama kodi ikipanda, kwa hiyo mwishoni linganisha wale tu waliokuwepo mara zote mbili.

Mpe mwenzako madaftari 5 ayahesabu bila kuona hesabu yako. Mkitofautiana, kanuni yenu ina mwanya. Mara nyingi mwanya ni kijana, kiongozi na kiboko: yana sura ya KI-VI lakini yanapatanishwa kama A-WA, basi yaondoeni kwenye hesabu.

Wekeni daftari la kurasa 96, mwandike mistari 3 kabla ya kutoka darasani: mlichofanya, wangapi hawakuja, nini kiliwashangaza. Mvua ikinyesha darasa hubaki nusu. Usipoandika, utailaumu mbinu. Muhula wa 3 ni mfupi, uacheni. Anzeni wiki ya pili au ya tatu ya muhula wa kwanza au wa pili, mmalize kabla ya presha ya mitihani.

Mwalimu mkuu aelezwe mapema. Tumieni namba badala ya majina, na kazi za watoto zisirushwe kwenye vikundi vya WhatsApp. Ikiwa ni kazi ya chuo au ya kuchapishwa, tafuteni kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haichezi na taarifa za watoto. Kuhusu TPAD, ile tathmini ya utendaji wa walimu, msifanye haya ili kujaza fomu. Ushahidi ukitakiwa, utatoka kwenye daftari hilohilo.

Tuseme nafasi ni 70 na makosa yametoka 42 hadi 38. Msiseme mbinu imefaulu; watoto 15 ni wachache, na tofauti hiyo inaweza kuletwa na picha yenyewe. Tenganisheni makosa: mangapi ni ya kimilikishi, kama "yangu", na mangapi ni ya kitenzi, kama "imepotea"? Kundi moja likipungua na jingine likakwama, hilo lililokwama ndilo swali la muhula ujao. Lipelekeni kwenye mkutano wa idara pamoja na jedwali moja na madaftari matatu, mwombe dakika 10.

Mzee wenu,
Nairobi