Kwa vijana wa baraza letu: nani kawaambia ni "maneno tu"?

Kwenu wanangu mnaokaa baraza la mtaani kwetu hapa Wete,

Assalaamu alaykum warahmatullah.

Nawaandikia badala ya kuwaita kwa sababu nikiwaita nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti nyinyi mtacheka. Na barua nimeiacha wazi aisome anayetaka, maana jambo lenyewe halikufanyika chumbani. Lilifanyika Tumbe, mnadani, mbele za watu.

Wasiokuwepo niwaeleze. Jodari mmoja mkubwa kalazwa chini, mchanga umemganda ubavuni, jicho bado linang'aa. Mnadi ananadi: laki na ishirini, laki na thelathini, laki na arubaini. Bei ikachoka. Watu wakaanza kugeuza shingo kutazama fungu jengine. Hapo mmoja wenu, simu mkononi anajirikodi, akapaza sauti: "Laki tatu!" Mnadi akamtazama, akauliza kama yupo wa kuzidisha. Hakuna. Akamwambia, "Haya, samaki wako." Kijana wetu akaangua kicheko: "Aa, mzee, natania bwana, maneno tu hayo." Wakati huo mwenye laki na arubaini yake alishanunua pengine na keshaondoka. Jodari yule aliuzwa alasiri kwa elfu tisini, barafu imekwisha.

Mlipokuja kuisimulia barazani mliicheka sana. Mimi nilikuwa upande wa pili na kahawa yangu, nikalisikia neno lile mara nne kwa hesabu: maneno tu, maneno tu. Usiku sikulala vizuri. Uzee nao una sehemu yake, lakini neno lile lilichangia.

Basi nina mtu wa kuwajulisha. Anaitwa J. L. Austin, Mwingereza, mwanafalsafa wa lugha. Alizaliwa Lancaster mwaka 1911, akasoma Oxford, akafundisha huko huko, akapewa uprofesa wa falsafa ya maadili mwaka 1952, akafariki 1960 akiwa na miaka 48. Umri huo mimi niliupita zamani, na sijaandika hata nusu ukurasa wa kukumbukwa. Yeye naye hakuchapisha mengi, makala chache tu uhai wake wote. Kitabu kilichomtoa jina kilikuja 1962, keshazikwa, kikatungwa kutokana na mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1955. Jina lake kwa Kiswahili ningelisema ni Namna ya Kufanya Mambo kwa Maneno. Ni kitabu chembamba. Nilikisoma Dar es Salaam nikiwa na umri wenu, mara ya kwanza bila ya kukifahamu, mara ya pili nikicheka peke yangu, kwa sababu niliona kuwa anayoyasema bibi zetu waliyajua wakiwa jikoni. Tofauti ni kwamba yeye alikaa akayapanga.

Katikati ya ualimu wake kulikuwa na Vita vya Pili vya Dunia. Austin aliingizwa kwenye upelelezi wa jeshi, akaongoza kundi lililokuwa likikusanya na kuchambua habari za pwani ya Ufaransa kabla ya majeshi kushuka Normandy mwezi wa Juni 1944. Huko sentensi moja ikiandikwa ovyo, kuna watu wanakufa maji kabla ya kukanyaga mchanga. Mtu aliyetoka huko, mimi sidhani alikuwa na subira na anayesema "maneno tu".

Hoja yake ni hii. Wanafalsafa wengi wa wakati wake walizichukulia sentensi kama picha za mambo: sentensi inaeleza jinsi jambo lilivyo, nasi tunaitazama kama ni kweli au uongo. Mvua inanyesha. Meli imefunga gati Mkoani. Austin akasema sawa, lakini zipo sentensi nyengine ambazo hazielezi kitu. Zenyewe ndizo zinazokifanya. Akatoa mifano ya kwao: anayeipa meli jina siku ya kuishusha majini, anayeweka dau, anayeoa kanisani.

Sisi hatuna haja ya kwenda kanisani. Siku ya ndoa kaeni karibu na wanaoshikana mikono pale msikitini, muwatazame. Walii anasema, "Nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyokubaliana." Kijana anajibu, "Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo." Sasa jaribu kumwambia bwana harusi: hiyo uliyosema si kweli. Utaonekana una wazimu. Hakuwa anatoa habari za ndoa. Kabla ya neno alikuwa kapera, baada ya neno ni mume wa mtu, na kilichopita katikati ni pumzi.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu panaihusu lugha yetu, na Austin hakupafika. Kwa Kiingereza chake sentensi hizi huja kwa wakati uliopo: naahidi, naweka dau. Sisi tunasema naapa, naahidi, sawa. Lakini mambo yakiwa mazito zaidi, tazameni kinachotutoka mdomoni: nimekuozesha, nimekubali, nimekuacha, nimekusamehe, nimekupa radhi. Ni ile "-me-", kana kwamba unasimulia kitu kilichokwisha kufanyika, na hali kinafanyika pale pale unapolitamka. Mimi nadhani, na wanaosoma isimu kati yenu wanichunguzie, kuwa Kiswahili chetu kimekaa na fiqhi, yaani elimu ya sheria za dini, miaka mingi mno hata kikavaa nguo yake. Akidi za Kiarabu, yaani maneno ya kufungia mkataba, husemwa hivyo hivyo kwa kitenzi kilichopita: zawwajtuka, nimekuozesha; qabiltu, nimekubali. Kisha tunayo mengine hata kitenzi hayana. Mama muuza maandazi anakudai mia tano, unamletea baada ya mwezi huku unaona haya, anakwambia, "Halali yako." Deni limekufa. Maneno mawili.

Na "laki tatu" nayo ni maneno mawili.

Baadaye Austin akaona hata zile sentensi za kueleza mambo zina kitu zinachokifanya. Mfano wake mmoja ungempendeza Mpemba yeyote: kuna fahali shambani. Mtu anaweza kuwa anasifu mandhari tu. Anaweza pia kuwa anakuonya ukimbie. Nyinyi mliokulia kwenye mchezo wa ng'ombe mnajua tofauti, na mnajua haimo ndani ya maneno yenyewe. Imo katika nani kasema, wapi, na ng'ombe kafungwa au hakufungwa. Kwa hiyo akagawa sehemu tatu: ulichotamka, ulichokifanya kwa kutamka, na kilichompata aliyekusikia. Wewe ulitamka bei, ukanunua samaki, ukamfukuza mnunuzi wa kweli. Mambo matatu kwa pumzi moja, halafu unasema hukufanya kitu.

Sasa najua mtajitetea vipi. Mtasema: lakini hakukusudia. Hapo Austin aliweka mpaka ambao ninaupenda mno. Alisema tendo la maneno linaweza kuharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama bunduki iliyokosa kuwaka: anayeozesha si walii wala hakuwakilishwa, au maneno hayakutimia, au hapo mahali desturi hiyo haipo kabisa. Hapo hakuna kilichofanyika, neno limeanguka chini. Ya pili ni pale ambapo kila kitu kipo sawasawa ila moyo haumo. Mtu anaahidi na huku anajua hatotimiza. Hiyo, akasema Austin, si kwamba haikuwa ahadi. Ni ahadi kamili, iliyotolewa kwa hila. Akamtaja mtu wa tamthilia ya kale ya Kigiriki aliyejitetea kwamba ulimi wake ndio ulioapa, moyo wake haukuapa. Austin akaona kuwa ukiukubali utetezi huo umewafungulia mlango walaghai wote. Sisi tulilimaliza kwa maneno matatu, ahadi ni deni, lakini si vibaya kuona mwengine kafika pale pale kwa njia ndefu.

Lazima niseme haki lakini. Kuna mahali Austin anaweza kuwasaidia nyinyi. Aliyaweka kando maneno ya mzaha na ya mwigizaji aliye jukwaani, akasema hayo hayahesabiwi kama ya kawaida. Mwigizaji akimuoa mwenzake jukwaani, hawarudi nyumbani mke na mume. Nakubali. Lakini jukwaa kila mtu analiona, na aliyekwenda kutazama anajua amekwenda kutazama mchezo. Tumbe uliona jukwaa gani? Mchezo ulikuwa ndani ya simu yako, unaujua peke yako.

Tena yako mambo ambayo kwetu mzaha hauingii kabisa. Mmesoma madrasa, mnaijua hadithi: matatu, ukweli wake ni kweli na mzaha wake ni kweli, ndoa, talaka na kurejea mke. Austin mwenyewe alijua kuwa katika hili watu hawako sawa. Aliandika juu ya mume anayemwambia mkewe "nimekuacha" katika nchi ya Kikristo, wote wawili Wakristo na si Waislamu, akasema neno hilo halimwachi mke, maana huko njia hiyo haipo. Hapa ipo. Naona siku hizi wanaume wanaandika neno lile kwenye simu kisha wanatia kikatuni cha kucheka. Hukumu yake namwachia kadhi, si kazi yangu. Ila msije mkaniambia niliandika tu.

Nisijifanye malaika. Msimu mmoja wa miaka ya 1980 tulikuwa tunachambua karafuu uani, mpwa wangu kachoka, vidole vimemgeuka rangi. Nikamtania mbele za watu: "Ule mkarafuu wa kisimani, mavuno yake msimu ujao ni yako." Tukacheka, naye akacheka, mimi nikasahau. Msimu uliofuata, alfajiri, nasikia tawi linalia. Natoka, namkuta yuko juu ya mti na pakacha. Nikamwambia, shuka wewe, nilikuwa nakutania. Hakubisha. Akashuka, akanikabidhi pakacha likiwa nusu, akasema, "Haya, mjomba."

Ndiyo ile "haya, mjomba" iliyonichoma, lakini nilikuwa na kiburi. Mama yangu alikuwa kibarazani anasuka ukili. Hakuinua hata macho. Akaniuliza, "Ulisema au hukusema?" Nikajibu nilisema. Akasema, "Basi anayechuma mti wa watu ni wewe."

Mti ule ulitoa pishi nane. Nilizipima mwenyewe, nikampelekea.

Kitu kimoja zaidi juu ya Austin, kisha niwaache. Alipenda kuchunguza udhuru, yaani maneno tunayojitetea nayo. Ana kisa cha punda: wewe na mimi tuna punda wetu kwenye uwanja mmoja, wangu nimemchoka, nakwenda kumpiga risasi. Nikimlenga mnyama vizuri, akaanguka, nikasogea nikakuta ni wako, hapo nimekosea punda. Nikimlenga wangu lakini wakasogea ghafla, risasi ikampata wako, hapo imekuwa ajali. Nitakuja mlangoni kwako na maneno mawili tofauti, wala moja haliwezi kukaa mahali pa jengine. (Hapa Pemba hatumpigi punda risasi, lakini mmefahamu.) Kijana wetu wa laki tatu hakukosea samaki, wala ajali haikumpata. Kwa hiyo atafute neno la tatu, na "natania" silo.

Maneno ya namna hiyo Austin hakuyachambua peke yake. Muhula wa masomo ukiwa wazi aliwakusanya walimu wadogo wake Jumamosi asubuhi, wakalichukua neno na ndugu zake, wakabishana lipi linakaa wapi. Niliposoma habari hizo nilijisemea, hili si baraza hili? Basi Jumamosi hii saa tatu njooni. Kahawa juu yangu, kashata juu yenu. Tutaanza na samahani, kunradhi, niwie radhi, nisamehe na nihalalishie. Mnadhani ni kitu kimoja. Mtaona.

Na wewe uliyetaja bei, jina lako silitii humu, unajijua. Nilimpigia simu mnadi. Hakudai laki tatu, ni mtu muungwana. Anataka elfu hamsini, ile iliyopotea kati ya laki na arubaini na tisini, ampelekee mwenye jodari. Nimemwambia utafika kwake kabla ya Ijumaa. Nimeyasema hayo mbele ya watu watatu, kwa hiyo sasa tumo wawili.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba