Tuombee mitaa yetu pamoja

Mhariri,

Kila mwaka, kuanzia tarehe 18 hadi 25 Januari, Wakristo wa madhehebu mbalimbali huadhimisha Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo, desturi iliyoanza mwaka 1908. Ni jambo jema sana. Ila wiki ikipita, wengi wetu hurudi kila mtu kanisani kwake, basi.

Nawasihi wachungaji, mapadre na wazee wa kanisa waiendeleze sala hiyo mitaani mwaka mzima. Mgonjwa aliyelala peke yake, kijana asiye na kazi, mjane anayedaiwa kodi: shida zao hazina dhehebu. Nabii Yeremia aliwaandikia waliohamishiwa Babeli wauombee mji ule, na haukuwa hata mji wao! Sembuse sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta?

Tofauti zetu kuhusu ubatizo na meza ya Bwana ni nzito, wala sisemi zifichwe. Lakini kumwombea jirani hakungoji zimalizike. Akina mama wametutangulia: Siku ya Maombi Duniani, Ijumaa ya kwanza ya Machi, huwakutanisha kutoka makanisa mengi. Viongozi nao waanze na saa moja tu kila mwezi, wakipokezana makanisa.

Msomaji wenu