Barua kwa mwanangu Mwanaidi

Mwanangu Mwanaidi,

Sisi wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti langu. Tangu simu ya Jumapili sipati usingizi, na ilikatika kabla sijakuuliza: umeshawajibu hospitali?

Wewe AS, mumeo AS, wote wawili mmebeba selimundu bila kuugua. Wamekupa karatasi mkasome mkaamue kama mtoto apimwe tumboni, nawe umeiweka juu ya friji. Nesi wa kliniki ya mdogo wako Abuu kanieleza vizuri: kipimo cha kuchukua kipande cha kondo hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Ukikikosa, unangoja kile cha maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, na hapo mavyaa wako keshaanza kushona nepi. Sindano yenyewe inaweza kuharibu mimba, ingawa ni chini ya moja katika 100. Unaweza pia kukataa, mtoto akaja kupimwa damu ya kisigino akishazaliwa. Kataa basi, lakini uwaambie kwa mdomo wako. Kunyamaza kwako nakujua.

Ukanicheka eti uwezekano wa mtoto kuugua ni robo tu. Robo hiyo huanza upya kila mimba, mama, haiishi kwa kuwa mmoja keshaipata. Mimi nilidhani inaisha, ndiyo maana baada ya Salimu, Mungu amrehemu, nikambeba Abuu bila wasiwasi. Ya Salimu sikuelezi, wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba mgongoni kwenda zahanati.

Karatasi yetu mimi na baba yako, ya mwaka 2001, imo kwenye kopo la biskuti pamoja na hati ya shamba. AS, AS. Ulipoposwa niliitoa, nikaisoma, nikairudisha. Mahari ilikuwa imeshapokelewa. Lakini na wewe, muuguzi mzima, mtaa wote unajisifia kuwa una mtu Leicester, Uingereza, kweli hukuona haja ya kupima kabla ya ndoa?

Baba yako mdogo atakupigia na hesabu yake ya siku 120, kwamba hapo ndipo mimba hupuliziwa roho na haitolewi tena. Msikilize kwa adabu, ila yeye hajawahi kukesha na mtoto anayelilia mifupa. Wala si kwamba selimundu ni kifo siku hizi. Abuu anameza dawa yake, haidroksiyurea, hajalazwa tangu Ramadhani. Huko kwenu watoto wanaanzishiwa penisilini mapema. Nasema tu mjue mnachokingojea. Mengine ni yenu wawili na Mola wenu, sitaingia.

Pesa zimefika. Nimenunua bati 12 badala ya 15, fundi kapandisha bei, na jiko linavuja pale pale. Abuu anataka viatu namba 41, usimletee vyeupe. Foliki asidi unameza?

Jumatatu, kabla hujaingia zamu, wapigie hospitali. Ukishawajibu nibipu tu. Sitakuuliza umewajibu nini.

Mama yako