Karanga zilikuwa tamu, Mheshimiwa. Karatasi ilikuwa ya mama yangu

Kwa Mheshimiwa Afisa Utamaduni wa Manispaa yetu,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa, kwa umri wewe ni mwanangu, ila kwa cheo naanza mimi kukuamkia.

Jumanne jioni nilinunua karanga za mia mbili kituoni, nikisubiri daladala baada ya kutoka ofisini kwako. Nilikuwa nimeambiwa uko kikaoni. Karanga zilipoisha nikaikunjua karatasi, maana sisi watu wa zamani tunasoma hata kifungio. Mwandiko ulikuwa wa mama yangu, mchoraji. “Chui mkubwa, hadibodi mpya. Nimepaka usuli, nimeweka nukta zote. Saini si yangu.”

Nilikaa chini pale pale kituoni. Daladala mbili zikapita.

Kijana wa karanga hana kosa. Aliniambia karatasi huzinunua kwa kilo kwa mtu anayesafisha stoo za maofisi. Sasa mimi najumlisha mwenyewe: mwezi uliopita stoo yenu ilisafishwa ili viti vya sherehe vipate pa kukaa. Labda maji ya masika yaliingia kwanza, mtu akaona madaftari yaliyovimba, akasema hizi takataka. Labda ni njaa tu ya mfagizi. Kama nimekosea, nisahihishe, ila nisahihishe ukiwa na kaunta buku la mama mkononi.

Nikukumbushe, kwa heshima zote. Tarehe 8 Machi, miaka minne iliyopita, nilikukabidhi sanduku la bati na maboksi matatu ya karatasi za mama mbele ya watu. Ukasema utatengwa “chumba cha kumbukumbu za wasanii wanawake”. Tukapigiwa makofi. Picha mlizopiga mlizitunza vizuri, bado ziko ukutani mapokezi, naziangalia kila nikija kungoja. Mimi nilipewa barua ya shukrani yenye mhuri. Ninayo, kavu kabisa.

Pengine hukuelezwa mle ndani mna nini. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha picha zinazoitwa kwa jina lake, alipouawa kwa risasi za polisi hapa hapa mjini mwaka 1972, alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wanafunzi wake tunaowataja mpaka leo, akina Linda, Mpata, Adeusi, Ajaba na Tedo, wote wanaume. Wanawake wanaonekana wapi? Wanaonekana kwenye picha, wamebeba ndoo. Mama yangu alijifunza baadaye kwa kutazama, akiwa ameshika kopo la rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka baiskeli. Ulipakwa usuli kwanza, yaani rangi ya nyuma, ikaachwa ikauke, kisha mnyama, kisha nukta. Nukta ndizo zinazovunja mgongo. Mama alikuwa mtu wa nukta. Kopo likikauka analilegeza kwa mafuta ya taa, na sisi watoto tunalala na ile harufu. Picha ikiisha, anasaini mwingine, kwa kuwa mtalii, walisema, hanunui chui wa mwanamke.

Lakini usiku aliandika kwenye kaunta buku. Picha gani, nani kalipa, kapata ngapi, sehemu ipi ni mkono wake. Alichora na penseli kwenye karatasi za mifuko ya saruji kabla ya kugusa hadibodi, ule ubao wa kuchorea, na hizo pia zilikuwa kwenye sanduku. Picha zenyewe zilishapanda ndege zamani. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba alikuwa mchoraji, si msaidizi wa mchoraji, ni zile karatasi.

Mlinzi wenu aliniambia, “Mama, si ni karatasi tu?” Sikumjibu. Magoti yangu yalikuwa yanauma, nimekuja mara ya saba. Mara moja nilitakiwa barua ya serikali ya mtaa, nikaileta. Mara nyingine ikatakiwa kopi ya kitambulisho, nikaileta. Nauli yote hiyo inatoka kwenye vitumbua.

Nasikia mtasema zile si kumbukumbu za umma, kwa hiyo ile Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za mwaka 2002, inayokataza kuteketeza bila idhini, haiwahusu. Sawa. Kama si za umma, basi ni zangu. Nirudishieni. Kama ni za umma, zilitakiwa ziwe Upanga kwa watu wa Nyaraka za Taifa, sio kwenye karanga. Chagua moja.

Nilitaka kudai chumba ulichoahidi. Nilitaka niombwe radhi, na aliyeuza aitwe. Nimeandika na kufuta. Chumba kaeni nacho, wekeni viti.

Naomba kaunta buku lenye jalada la bluu, lililofungwa kwa uzi wa kushonea. Kama limelowa, msilianike juani, kurasa zitajikunja. Nipeni hivyo hivyo. Kama limechanwa, nipeni zilizobaki. Ukurasa mmoja ninao tayari, una mafuta ya karanga.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi la mapokezi, chini ya ile picha yetu.

Wako,
Binti wa mchoraji