Mwamuzi asilazimishwe kusoma moyo wa mchezaji

Bwana Mhariri,

Katika kiwanja cha vumbi hapa Katuba, ambako ninafundisha vijana mpira wa miguu, kila mwamuzi anapotoa kadi nyekundu nasikia utetezi uleule kutoka kwa wazazi: "Hakukusudia!" Waamuzi wetu, ambao wengi wao ni vijana wasiolipwa, hulegea na kuirudisha kadi mfukoni. Naomba nafasi niupinge utetezi huo kwa mfano wa besiboli, mchezo ninaoufuatilia kwa miaka mingi.

Tarehe 10 Oktoba 2015, mjini Los Angeles, Chase Utley wa timu ya Dodgers alikimbilia kituo cha pili kati ya vile vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate alama, akajitupa chini kwa kuchelewa mno na kumkumba Ruben Tejada wa timu pinzani ya Mets, aliyekuwa akigeuka ili autupe mpira. Mguu wa Tejada ukavunjika. Utley hakufukuzwa mchezoni. Kibaya zaidi, mwamuzi alikuwa ameamua kwamba mbio zake zimekatizwa na hapati kituo, lakini picha zilipotazamwa upya akapewa, kwa kuwa Tejada, aliyepaswa kukigusa kituo akiwa na mpira ili kumzuia, hakukigusa kwa mguu wake, na Dodgers wakashinda 5 kwa 2. Hata adhabu ya kukosa mechi mbili aliyopewa baadaye ilifutwa.

Ndipo mwaka 2016 sheria ya besiboli ikabadilishwa: mkimbiaji aanze kujitupa chini kabla ya kukifikia kituo, aweze kubaki juu yake, wala asiiache njia yake ili amkumbe mpinzani. Nasikitika kwamba ilibidi mfupa uvunjike kwanza, lakini naiheshimu sheria hiyo kwa sababu inampa mwamuzi kitu cha kutazama, yaani mwili ulianguka wapi na uliishia wapi.

Sisi kipimo tunacho tayari. Sheria ya 12 ya mpira wa miguu inasema kwamba anayemwingilia mpinzani kwa namna ya kuhatarisha usalama wake, au kwa nguvu kupita kiasi, atolewe. Haidai kusudi lithibitishwe. Mwezi uliopita mchezaji mmoja aliruka na miguu miwili, akaonywa kwa maneno tu kwa kuwa "ni mtoto mpole", na kabla ya mapumziko akamwumiza mwanafunzi wangu kifundo cha mguu.

Nawaomba wanaoandaa mechi za watoto wawaeleze wazazi sheria hii kabla ya mechi ya kwanza, na mwamuzi akishaitoa kadi, mpira usianzishwe tena mpaka aliyetolewa awe nje ya kiwanja.

Mwalimu wa mpira wa vijana,
Katuba, Lubumbashi